VIP ya Katesh: Unalipia Kiti au Unalipia Shoo?

Kuna kijana mmoja wa Katesh, fundi pikipiki, jina kapuni maana mama yake anamtania mpaka leo. Msimu wa mavuno msanii mmoja wa bongo fleva, naye jina kapuni, akatangazwa kuja kupiga shoo pale mjini. Gari la matangazo likazunguka siku tatu, kuanzia stendi mpaka barabara ya Endasak, spika juu, mabango pembeni. Kawaida 5,000. VIP 20,000.

Kijana akavunja kibubu, akakata tiketi mbili: ya mama VIP, yake kawaida.

Kabla hujamcheka, sikia sababu. Mama huyo hakuwa ametoka kwenda kwenye starehe yoyote tangu Desemba 3, 2023, siku tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80, Katesh na vijiji vya jirani. Kanisani alikuwa anakwenda, msibani anakwenda, mnadani anakwenda. Lakini kutoka tu kwenda kucheka na kupiga makofi, alikuwa ameacha. Mwanawe akaona basi, siku akitoka atoke kama malkia. Akae mbele, kwenye kiti chake, asisukumwe na mtu.

VIP yenyewe ilikuwa kamba. Kamba imezungushwa mbele ya jukwaa, ndani yake viti vya plastiki safu sita juu ya nyasi, na mabaunsa wawili wamesimama mlangoni kama wanalinda benki. Upande wa kulia spika zimepandishwa moja juu ya nyingine mpaka kimo cha mlango wa nyumba. Mama akapewa kiti safu ya tatu, upande huohuo wa spika.

Wasanii wa utangulizi walipokuwa wanaimba, mambo yalikwenda sawa. Mama anaona, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa. Saa sita usiku staa akapanda jukwaani. Hapo VIP nzima ikasimama, simu juu, na safu ya kwanza wakapanda juu ya viti kabisa. Kuanzia dakika ile mama akawa anaangalia mgongo wa jaketi la ngozi la jamaa mmoja na kisigino cha dada mmoja aliyekuwa anayumba juu ya kiti.

Mwanawe alikuwa nyuma kule kwa watu wa buku tano, juu ya mwinuko kando ya uwanja. Aliona kila kitu. Aliona staa akisahau maneno ya wimbo wake mwenyewe akabaki anacheka. Aliona wacheza shoo wakibadilisha nguo nyuma ya turubai. Wimbo wa tatu ukiwa katikati, akahisi mtu anamgusa bega. Ni mama, shuka kaifunga kichwani, masikio kayaziba.

"Sogea mwanangu. Kiti kizuri, ila shoo iko huku."

Wengi wanaonunua VIP katika miji kama Katesh, Haydom, Dongobesh na Mbulu hawajawahi kujiuliza alicholigundua yule mama kwa nyimbo tatu: hiyo elfu kumi na tano ya juu inanunua nini hasa?

Mbele ya nini?

Watu wanaamini kiti cha mbele ndicho kiti bora. Ni imani tu. Ukiangalia namna kumbi zilivyokuwa zinauza viti, utaona "mbele" imewahi kuwa ghali na imewahi kuwa bei ya kutupa.

Chukua sinema za zamani. Wazee waliokuwa wanaingia Avalon au Empire kule Dar es Salaam wanakumbuka kwamba viti vya mbele kabisa, chini ya pazia, ndivyo vilikuwa vya bei ya chini. Pale walijaa vijana, shingo juu kama kuku anayekunywa maji. Wenye pesa na familia zao walipanda juu roshani, mbali na pazia. Kwenye sinema, mbele ni mateso ya shingo, na bei ilijua hilo.

Nenda London. Ukumbi wa Globe, uliojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1997 kwa mfano wa ule wa enzi za Shakespeare, una eneo la watu kusimama, wazi juu, lililogusana na jukwaa lenyewe. Kwa miaka mingi tiketi ya pale iliuzwa pauni 5 tu, rahisi kuliko zote, na waliosimama ndio walio karibu zaidi na waigizaji. Mvua ikinyesha inawanyeshea. Matajiri wanalipa zaidi kukaa nyuma na pembeni, chini ya paa. Yaani wanalipia kukaa na kutolowa, na ukaribu wamewaachia wenye pesa ndogo.

Sasa Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na viti 60,000. Pale mtu wa VIP A anakaa juu, usawa wa mstari wa kati, anaona magoli yote mawili. Mwenye tiketi ya mzunguko anaweza kujikuta nyuma ya goli, na bao la upande wa pili akalisikia kwa kelele. Tofauti ya bei ipo, na unaiona kwa macho: juu, katikati, kiti chako.

Kote huko bei ya juu inanunua kitu kinachotajika: roshani, paa, mstari wa kati. Ukimuuliza mtu wa VIP ya Katesh alinunua nini, atakutajia kamba.

Ardhi haidanganyi

Tatizo la kwanza la VIP zetu ni ardhi tambarare. Jukwaa lina kimo cha kifua, viti vimepangwa chini kwenye nyasi, hakuna safu iliyo juu ya nyingine. Katika mpangilio huo anayeona ni safu ya kwanza peke yake. Wa safu ya pili anaona kichwa, wa tatu anaona vichwa viwili, na wakisimama ndio basi tena. Wa safu ya sita amelipa bei ileile ya wa safu ya kwanza, na anachopata ni stori za wenzake.

Wagiriki wa kale walilijua hili zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Kumbi zao za maigizo walizichonga kwenye mteremko wa vilima, watazamaji wakakaa ngazi kwa ngazi, kila mmoja akaona juu ya kichwa cha mwenzake. Sasa mtu ajiulize: ni wilaya ngapi Tanzania zina vilima kuliko Mbulu? Kutoka Mbulu mjini kwenda Dongobesh ni kupanda na kushuka. Hanang ina mlima wa mita zaidi ya 3,400 unaochungulia mji. Halafu promota anakuja na shoo, anatafuta kipande pekee kilicho bapa kama meza, anaweka viti mbele na kuiita VIP, huku mwinuko wote mzuri anawapa watu wa buku tano bila hata kujua amewapa.

Ndiyo maana yule fundi aliona na mama yake hakuona. Ujanja hakuwa nao. Alisukumwa tu na mlima.

Masikio nayo yana tiketi

La pili ni sauti. Wengi wanadhani ukiwa karibu na spika ndiyo unasikia vizuri. Unasikia kwa nguvu, na hilo ni jambo jingine kabisa. Karibu na spika besi inameza maneno, unabaki na mtikisiko wa kifua. Siku ya pili mtu anaamka masikio yanalia kama nzi kaingia.

Hapa hakuna utani. Machi 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa kiwango kwa ajili ya kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, na watu wawe na sehemu tulivu ya kupumzisha masikio. Kwenye uwanja wa wazi, kila ukiongeza umbali kutoka kwenye spika mara mbili, sauti inashuka kwa takriban desibeli 6. Mwenye kiti mita mbili kutoka kwenye spika na mwenye kusimama mita kumi na sita wanasikiliza shoo mbili tofauti. Ya nyuma mara nyingi ndiyo ina maneno.

Siri ambayo wanaokwenda shoo kila mara wanaijua ni hii: tafuta alipo fundi mitambo. Yule mwenye meza ya vitufe, katikati ya uwanja, hatua kadhaa kutoka jukwaani. Anarekebisha sauti kwa kusikiliza pale alipo yeye. Kwa hiyo anayesimama karibu na meza yake anasikia kile ambacho fundi amekusudia kisikike. Na kwa shoo zetu nyingi meza ile iko nje ya kamba, upande wa kawaida. Sauti bora ya usiku mzima inauzwa 5,000.

Lakini usikimbilie kuponda

Baada ya siku ile kijana akajiona amepata akili. Akaapa VIP hanunui tena. Miezi michache mbele ikatokea shughuli nyingine, uzinduzi wa albamu ya kwaya moja kule Mbulu mjini, ukumbini, mwezi wa saba. Mtoto wa dada yake mama anaimba sauti ya kwanza. Viti vya mbele 10,000, vya nyuma 3,000. Kijana, kwa akili yake mpya, akakata viwili vya nyuma. Akaokoa 14,000, akajisifu njia nzima.

Wakafika, wakaonyeshwa viti nyuma ya nguzo. Mlango uko mgongoni mwao, na Mbulu ya mwezi wa saba mtu haulizi baridi ikoje. Kila mtoto akitoka kwenda kucheza, upepo unaingia. Kila anayechelewa akiingia, upepo unaingia. Mama akakaa saa tatu ameinamia upande mmoja akimtafuta binti wa dada yake pembeni mwa nguzo. Akamuona mara mbili, mara ya pili binti anashuka jukwaani.

Njiani kurudi mama hakusema kitu mpaka wamefika karibu na nyumbani. Ndipo akamwambia, "Baba, leo ungelipa."

Na alikuwa sahihi. Ukumbi ule ulikuwa tofauti na uwanja wa Katesh kwa kila kitu. Watu wa kwaya wanakaa, hawapandi juu ya viti. Sauti haina besi ya kuua. Viti vya mbele vilikuwa na namba, na aliyekwenda kujipatia chai akarudi alikikuta kiti chake. Mbele kulikuwa mbali na mlango. Tofauti ya 7,000 kwa kila kiti ilinunua macho, joto na sura ya mtoto wa nyumbani akiimba. Hiyo ni bei halali kabisa.

Kwa hiyo wanaosema VIP yote ni utapeli wanakosea, sawa na wanaosema pesa yako ndiyo heshima yako. Kuna maswali machache tu ambayo mtu akijiuliza kabla ya kutoa pesa, hatajuta sana.

Watu watakaa au watasimama? Kwaya, maigizo, vichekesho, watu wanakaa. Bongo fleva na singeli wanasimama, na hapo kiti ni mzigo umelipia.

Ardhi ina mwinuko? Kama ipo juu nyuma, nyuma ndiyo VIP ya kweli. Kama ni tambarare, aidha safu ya kwanza au usihangaike.

Spika ziko wapi? Kiti cha ghali pembeni mwa spika ni adhabu yenye risiti.

Kiti kina namba? Kama hakina, unachonunua ni ruhusa ya kugombania kiti na watu waliovaa vizuri kuliko wa kawaida.

Na nani anakwenda? Mzee wa magoti, mama mjamzito, mtu mwenye ulemavu, mwenye mtoto mchanga, huyo mlipie kiti bila kupiga hesabu nyingi. Kwake kukaa ndiyo shoo yenyewe. Lakini mkague kiti kwanza, usije ukamfungia mama wa watu nyuma ya jaketi la ngozi.

Pesa ya kurudi ni sehemu ya tiketi

Kuna swali moja ambalo kule Dar halina uzito kama lilivyo huku: utarudije?

Shoo ikitangazwa saa mbili usiku, mkubwa wa shoo anapanda saa sita, saa saba. Katesh mpaka Babati ni kilomita sabini na kitu. Haydom mpaka Mbulu mjini zimezidi themanini. Usiku huo hakuna basi. Kuna bodaboda, bei anapanga yeye kulingana na anavyoiona sura yako na baridi, au gesti ambayo siku ya shoo inajaa mapema.

Matokeo yake ni kichekesho cha kila shoo. Jamaa wa VIP, aliyelipa 20,000 na kunywa ya kutosha, saa tano anaanza kuangalia saa. Usafiri wake unaondoka. Anatoka kabla ya staa hajapanda. Amelipa ghali kumwona msanii wa utangulizi. Na yule wa kawaida aliyeweka pembeni 15,000 ya gesti na chipsi anabaki mpaka taa zinazimwa.

Mbulu ina mwana wake anayefundisha somo hili kuliko mtu yeyote. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki kule Mexico City Oktoba 20, 1968. Alianguka njiani, akaumia goti vibaya, akafungwa bandeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa ameshamaliza zaidi ya saa moja kabla. Akhwari alipoingia uwanjani giza limeshashuka na umati umeshaondoka, wamebaki watu elfu chache. Hao wachache ndio walioona tukio linalosimuliwa duniani mpaka leo. Hakuna anayekumbuka walikuwa wamekaa viti vya bei gani. Walichokuwa nacho ni kwamba hawakuondoka.

Kwa mtu wa Dongobesh au Bassotu, tiketi ya bei ya chini pamoja na uhakika wa kulala ni bora kuliko tiketi ya bei ya juu na bodaboda inayopiga honi nje ya geti.

Upande wa promota nao usikilizwe

Promota mmoja anayeleta burudani Hanang na Mbulu, naye jina linahifadhiwa, ana hoja yake, na ina uzito. Kumleta msanii kutoka Dar, na wacheza shoo wake, na lori la mitambo, na jenereta, na ulinzi, na vibali, ni pesa ndefu. Watu wa buku tano hata wakijaa hawafikishi. Wale mia wa VIP ndio wanaolipa mafuta ya lori. Bila wao, Katesh ingebaki kuona wasanii kwenye simu tu. Anasema pia kwamba wengi wa VIP hawaji kuangalia jukwaa. Wanakuja kuuza sura, kumtunza msanii hadharani, kuonekana na mtu fulani au wasionekane na mtu fulani mwingine. Hao wanapata walichokilipia.

Sawa. Mtu mzima akitaka kuuza sura kwa 20,000 yake, ni haki yake, na ikisaidia watoto wa Katesh kumwona msanii wanayempenda, akauze hata mara mbili. Lakini ndani ya kamba ileile kuna mtu kama yule mama, ambaye hakuja kuuza sura yoyote. Ameletwa na pesa ambayo kibarua wa shambani anaitafuta siku kadhaa. Huyo ameuziwa neno VIP akiamini maana yake ni kuona vizuri, na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Na dawa yake si ngumu. Viti vya VIP viwekwe kwenye mwinuko kama upo, au vipandishwe juu ya jukwaa dogo la mbao pembeni, watu wa kusimama wabaki mbele wanakotaka kuwa. Viti viandikwe namba, hata kwa chaki. Spika zisielekezwe kwenye safu za wazee. Na bango liseme ukweli: VIP, kiti, safu fulani, hakuna paa. Promota atakayefanya hivyo hatapoteza wauza sura, maana hao kamba inawatosha. Atawapata na wale wanaotaka kuona, ambao kwa sasa wameshajifunza kukaa nyumbani.

Heshima si mbele

Chanzo cha yote haya kiko ndani zaidi ya tiketi. Huku mgeni akiingia nyumbani, kabla ya chai na kabla ya habari, anapewa kiti. Mzee akifika kwenye mkutano, kijana anainuka. Kiti ni heshima, kila mtoto anafundishwa hivyo. Biashara ya VIP imelishika jambo hilo zuri na kulibandika bei. Ndiyo maana yule kijana hakuona ajabu kumlipia mama 20,000. Kichwani mwake hakuwa ananunua shoo. Alikuwa anamwinukia mama yake.

Ila heshima ya kiti nyumbani inakwenda na kitu kimoja ambacho kamba haina: anayekupa kiti anakaa na wewe. Yule mama aliwekwa peke yake katikati ya watu asiowajua, mwanawe amesimama hatua hamsini nyuma. Hata kama angeona kila kitu, angemwonyesha nani? Staa aliposahau maneno ya wimbo, angecheka na nani?

Shoo ya tatu waliyokwenda ilikuwa Katesh tena, uwanja uleule, msanii mwingine. Kijana alikata tiketi mbili za kawaida, buku tano buku tano. Mkononi alibeba kigoda cha nyumbani, na chupa ya chai. Wakafika mapema, jua bado lipo, wakachagua pale juu kwenye mwinuko, usawa wa meza ya fundi mitambo. Mama akakaa, shuka mabegani. Watu waliofika baadaye wakamkuta ameshatulia, wakampisha, maana huku mama mtu mzima juu ya kigoda chake hata baunsa hamsogezi.

Staa alipopanda, VIP ikasimama juu ya viti kama kawaida yake. Mama akaangalia kule chini, akamiminia mwanawe chai, akamuuliza wale waliopanda viti wamelipa shilingi ngapi.

Alipotajiwa, alicheka mpaka akafuta machozi.